Je, Wajua? Taa Isiyohitaji Moto

Balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye waya mwembamba ndani, ni jiko linalotoa mwanga kidogo. Ukiipa umeme wa shilingi mia, mwanga unaouona ni wa shilingi tano hivi. Zilizobaki zimekwenda kwenye joto. Wala si kosa la kiwanda. Waya wa tungsteni haung'ai vizuri mpaka ufikie nyuzijoto zipatazo 2,500, kwa hiyo kila usiku unalipia kwanza kuupasha waya huo moto, kisha ndipo upate mwanga. Kibatari, mshumaa, chemli na karabai ni ukoo huohuo. Tangu binadamu ajue kukoka moto, mwanga wake wa usiku kwa muda mrefu ulitokana na kitu kinachoungua au kilichopashwa mpaka kikang'aa.

Taa ya LED haimo katika ukoo huo. Ndani yake kuna kipande cha fuwele ya semikondakta, aghalabu cha upana wa milimita moja au chini yake, chenye matabaka mawili. Tabaka moja limetiwa elektroni za ziada, jingine lina nafasi zinazosubiri elektroni. Umeme ukipita, elektroni huvuka mpaka na kutumbukia katika nafasi hizo, na nishati zinayoipoteza katika kutumbukia hutoka ikiwa mwanga. Zikitumbukia kwa kina kidogo, mwanga ni mwekundu. Kwa kina kirefu, ni wa bluu. Kina hicho huamuliwa na aina ya fuwele.

Hapo ndipo wanasayansi walipokwama kwa miaka mingi. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round aliona kipande cha silikoni kabaidi kikitoa mwanga wa manjano alipokipitishia umeme, akaandika taarifa fupi, mambo yakaishia hapo. Mrusi Oleg Losev aliuchunguza mwanga huo kwa undani katika miaka ya 1920, lakini akafa kwa njaa mwaka 1942 Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric huko Marekani, akatengeneza LED nyekundu inayoonekana kwa macho. Za kijani zikafuata. Zilifaa kwenye redio na vikokotoo, kuonyesha tarakimu au kukujulisha kwamba chombo kimewaka, basi. Bila bluu hupati mwanga mweupe, na bila mwanga mweupe hakuna atakayetundika LED sebuleni.

Kitu kilichotakiwa kutoa bluu kilijulikana: galiamu naitraidi. Tatizo ni kwamba fuwele zake zilikuwa zikiota zikiwa na nyufa na kasoro, na kampuni kubwa nyingi zikaachana nayo. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, hawakuachana nayo. Mwaka 1986 walifanikiwa kuotesha fuwele safi juu ya bamba la yakuti samawi, baada ya kulitandikia kwanza tabaka jembamba la alumini naitraidi. Miaka michache baadaye, wakiwa wanaichungulia fuwele hiyo kwa hadubini ya elektroni, wakagundua kwamba miale ya hadubini yenyewe ilikuwa ikiifanya ing'ae zaidi. Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia, alikuwa akipambana na fuwele hiyohiyo kivyake. Akaonyesha kwamba hadubini si lazima, kuipasha moto kunatosha, na mwishoni mwa 1993 Nichia ikatangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali.

Kwa kazi hiyo Nakamura alipewa bahasha ya yeni 20,000, pesa isiyofika dola 200. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana kwa yeni milioni 840 hivi. Yeye, Akasaki na Amano walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Holonyak, aliyeanza na nyekundu, hakuhesabiwa, na hakuficha uchungu wake.

Bluu ilipopatikana, nyeupe ikawezekana: taa nyingi nyeupe za LED unazoziona leo kwa kweli ni za bluu. Fuwele hutoa bluu, na juu yake hupakwa unga maalumu unaoimeza sehemu ya bluu hiyo na kuitoa ikiwa manjano; jicho likipokea vyote viwili kwa pamoja, linaona nyeupe. Ule umanjano unaouona juu ya vidoa vya LED ikiwa imezimwa ndio unga wenyewe.

Sasa tuje kwenye uniti. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa mwanga wa lumeni 800 hivi. LED ya wati 9 hutoa kiasi hicho hicho. Ukiwasha kila moja saa tano kwa usiku, kwa siku 30 ya kwanza itakula uniti 9, ya pili uniti moja na robo au zaidi kidogo. Nyumba yenye taa tano za zamani itachoma uniti 45 kwa taa peke yake. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani, lenye bei nafuu na kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo ni zaidi ya nusu ya nafasi yake kabla hajachaji simu wala kuwasha televisheni. Kwa LED tano zinatoka uniti zisizofika saba.

Hata hivyo, mwenye mita ya LUKU siye aliyefaidika zaidi. Aliyefaidika zaidi ni yule ambaye nguzo ya umeme haijamfikia. Chukua betri ndogo ya pikipiki ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa hesabu ya karatasini, balbu ya wati 60 ingeikausha kabla ya saa moja na nusu. LED ya wati 9, kwa mwanga uleule, ingekwenda saa tisa. Ndiyo maana paneli ya sola inayobebeka kwapani inaweza leo kuangazia nyumba nzima ya kijijini. Mfumo wa M-KOPA ulioanza Kenya mwaka 2012, wa kuchukua sola na kuilipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, ungekuwa mgumu mno kwa balbu ya tungsteni, maana paneli ingehitaji kuwa kubwa mara kadhaa na deni lake lingekuwa zito kulipika. Watu huisifu sola, na inastahili, ila kazi ngumu imefanywa na taa. Na kibatari kinachoondolewa si chombo cha kuonewa huruma: watafiti waliopima taa za utambi waliona asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua humo hugeuka masizi meusi, na mtoto anayesoma huinamia palepale.

Nenda Ziwa Victoria usiku usio na mwezi uone jambo lenyewe. Dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huvuliwa kwa taa: vijidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, wavuvi huwazungushia nyavu. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilikuwa ya karabai. Karabai hunywa mafuta ya taa usiku kucha, inataka kupampiwa, na wimbi moja likirusha maji kwenye kioo cha moto, kazi imeharibika. Wavuvi wengi sasa wamehamia taa za LED zenye betri, ambazo huchajiwa mchana na hazijali upepo. Sitasema kwamba ni baraka tupu. Mwanga wa bei rahisi humshawishi mtu aongeze taa, na ziwa haliongezi dagaa kwa sababu taa zimeongezeka. Betri zilizokufa nazo zinataka mahali pa kwenda pasipo majini.

Vipi basi boksi liseme saa 25,000 na taa ife kabla ya mwaka kwisha? Mara nyingi kinachokufa ni draiva, yaani saketi iliyofichwa kitakoni, inayobadili umeme wa volti 230 kuwa mdogo unaofaa fuwele. Hata LED hupata joto, ila joto lake hurudi nyuma kwenye kitako, na kapasita za bei ya chini hukauka humo. Ukiifungia balbu ndani ya kopo la kioo lisilopitisha hewa, unaharakisha kifo chake. Umeme unaopanda na kushuka humalizia. Nyingine hufa kwa kidoa kimoja tu: vidoa vimeungwa kwa mfuatano, kimoja kikipata nukta nyeusi vyote vinazimika.

Rangi nayo ina hesabu yake. Dukani wengi hupenda ile nyeupe ya Kelvini 6,500 kwa kuwa inaonekana kali, na jikoni au kwenye duka inafaa. Chumbani weka ile yenye umanjano, ya 2,700 au 3,000, kwa sababu bluu nyingi usiku huuambia mwili kwamba bado ni mchana.

Zile taa za mirija zilizokuja kabla ya LED kwa jina la kuokoa umeme zina zebaki ndani, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji wa mirija iliyobaki, na biashara yake kati ya nchi na nchi, vikome ifikapo 2027. Nchi za Afrika ndizo zilizolisukuma jambo hilo. Kama bado unayo moja nyumbani, usiivunje wala kuichoma pamoja na takataka. Na ukienda kununua LED ya kuweka mahali pake, soma lumeni kabla ya wati; boksi lisilotaja lumeni liache dukani.