Kutoka Makazi ya Serikali (2): Randi 320 na Randi 112

Wiki iliyopita tuliiacha Willowbrook, New York, ikifungwa mwaka 1987, miaka 12 baada ya serikali ya jimbo kukubali mbele ya mahakama kuwahamishia wakazi wake wenye ulemavu wa akili kwenye nyumba ndogo ndogo za mitaani. Wengi walilalamika kuwa mwendo ulikuwa wa kinyonga. Kwa yaliyotokea Afrika Kusini, kinyonga huyo anastahili shukrani.

Oktoba 2015, idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni iliyolipwa na serikali kuwatunza watu wenye maradhi sugu ya akili, wakiwemo wenye ulemavu mkubwa wa akili. Ilitoa sababu mbili: kubana matumizi, na sera ya kuwarudisha wagonjwa karibu na jamii zao. Hiyo ya pili ni hoja njema, wala hatuipingi hapa. Ubaya ni kwamba ilitumika kuificha ya kwanza.

Tazama hesabu. Esidimeni ililipwa takriban randi 320 kwa mtu kwa siku. Asasi 27 zisizo za kiserikali zilizopokea watu hao ziliwekewa randi 112, na hata hizo zilichelewa kwa miezi. Humo kilitakiwa kipatikane chakula, nepi za watu wazima, mlezi na blanketi la majira ya baridi.

Kufikia Juni 2016, zaidi ya watu 1,300 walikuwa wamehamishwa. Ripoti ya Profesa Malegapuru Makgoba, mchunguzi wa malalamiko ya afya, inasimulia jinsi asasi zilivyochagua watu kama ng'ombe mnadani, na jinsi baadhi walivyosafirishwa kwenye pikapu za wazi, wamefungwa kwa mashuka. Wengine walifika bila kitambulisho wala faili la matibabu. Mtu asiyeweza kutamka jina lake, akifika bila karatasi, nani atajua anatumia dawa gani, au mama yake yuko wapi? Ndugu walihangaika nyumba hadi nyumba wakiwatafuta.

Septemba 2016, waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, alisema waliofariki ni 36. Februari 2017 Makgoba akasema si chini ya 94, na kwamba asasi zote 27 hazikuwa na leseni halali. Idadi ikaishia 144. Njaa na kiu ni miongoni mwa yaliyowaua.

Machi 2018, Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliiamuru serikali ilipe randi milioni 1.2 kwa madai ya kila familia iliyofiwa. Julai 2024, Jaji Mmonoa Teffo aliamua kuwa uzembe wa Mahlangu na wa Makgabo Manamela, aliyesimamia afya ya akili jimboni, ndio uliosababisha vifo vya watu tisa kati ya hao.

Itaendelea.