Kwa nini treni husimama porini: jibu kutoka reli ndogo ya bustanini

Treni imesimama Malampaka. Waliokuwa wa kushuka wameshashuka, waliokuwa wa kupanda wameshapanda, na injini inanguruma tu. Dakika ishirini zinapita, kisha arobaini. Ndani ya behewa la daraja la tatu mmoja anasema dereva ameenda kunywa chai. Mwingine anaapa kwamba mafuta yamekwisha. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Treni yenu inasubiri treni nyingine.

Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza. Wajerumani walikuwa wameshajenga ile kubwa ya Dar es Salaam hadi Kigoma, waliyoianza mwaka 1905 na kuifikisha ziwani Tanganyika mwaka 1914. Zote mbili ni za njia moja. Lori likikutana na basi kwenye barabara nyembamba, mmoja atapanda ukingoni mwenzake apite. Treni haina ukingo. Zikikutana katikati ya vituo, moja lazima irudi nyuma, na hiyo ni kama madereva wameonana mapema.

Sasa, kuna watu wazima wanaocheza mchezo unaoeleza jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni. Wako Marekani, Uingereza, Ujerumani na kwingineko. Hulaza reli ndogo katika bustani zao, kati ya maua na mawe, na kuendesha juu yake treni ndogo za umeme au za betri. Reli iliyoenea zaidi kati ya hizo ina upana wa milimita 45, na ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1968 na kampuni inayojulikana kama LGB. Treni zake za mwanzo zilitengenezwa kwa kugawanya treni halisi mara 22.5. Piga hesabu kinyume: milimita 45 mara 22.5 ni mita moja na sentimita moja hivi. Huo ndio upana wa reli yetu ya zamani, ya mita moja. Kwa kipimo hicho behewa la mita 12 linabaki na sentimita 53, yaani zaidi kidogo ya dhiraa moja.

Ukidhani ni watu wanaokaa kutazama treni ikizunguka maua, huo ni upande mmoja tu. Wengine hukutana siku nzima, watu wanane au kumi, na kuiendesha reli ile kama shirika. Kila mmoja hupewa kazi. Yupo dereva, yupo gadi anayeshughulikia mabehewa, yupo mkuu wa stesheni. Na yupo mwongozaji wa treni, ambaye mara nyingi huketi barazani au ndani ya nyumba, mahali asipoweza kuona hata treni moja. Ana karatasi, saa na redio ya mkononi. Saa yenyewe imeharakishwa, saa moja ya kweli huhesabiwa kama nne au sita, kwa sababu umbali wa bustani ni mfupi mno kwa ratiba ya kawaida.

Kwamba mwongozaji haoni treni ndilo jambo la kushika hapa. Anajua tu kile alichoambiwa na kile alichoandika.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tulaze reli hiyo katika kiwanja cha shule na tuvipe vituo majina ya njia ya Mwanza: Mwanza, Fela, Mantare, Bukwimba. Treni ya mizigo inatoka Mwanza ikiwa na mabehewa kumi. Treni ya abiria inatoka Bukwimba ikiwa na mabehewa sita. Mwongozaji anaangalia saa na kuamua zipishane Mantare, ambako tuseme kuna njia ya pembeni ya kupishania. Lakini njia hiyo ya pembeni inaingiza mabehewa manane tu. Ya mizigo haienei. Basi ya mizigo itabaki njia kuu, na ya abiria, ingawa ndiyo yenye haraka, itaingia pembeni na kusubiri. Abiria wataona wamedharauliwa kwa ajili ya mizigo. Mwongozaji hakuwa na dharau yoyote, alikuwa anahesabu mabehewa.

Baada ya kuamua, anatoa kibali kwa redio: treni ya mizigo iende Mantare, isimame hapo, isitoke mpaka ya abiria iingie. Dereva hasemi tu "sawa". Anayarudia maneno yote, neno kwa neno, na mwongozaji anayalinganisha na alichoandika. Wageni wa mchezo huu huona huo ni usumbufu. Halafu siku moja mtu anaitikia "sawa" akiwa amesikia Bukwimba badala ya Mantare, na treni mbili zinatazamana ana kwa ana chini ya mti wa mapera. Bustanini watu hucheka, mmoja anarudi nyuma, na chai inaendelea.

Katika reli kubwa utaratibu huu umepitia sura nyingi. Tangu karne ya 19, reli za nchi mbalimbali zilitumia kipande cha chuma au kijiti maalumu kwa kila sehemu ya njia kati ya vituo viwili. Dereva asiye nacho mkononi haruhusiwi kuingia, na kwa kuwa hutolewa kimoja tu kwa wakati, treni mbili haziwezi kukutana humo. Kwingine hutumika kibali cha karatasi, ambacho mkuu wa stesheni hukiandika baada ya kuulizana kwa simu na mwenzake wa kituo kinachofuata kama njia iko wazi. Wazo ni lile lile: kipande kimoja cha njia, treni moja.

Na kipande hicho hakihesabiwi kuwa wazi kwa sababu injini imeonekana kituoni. Mkuu wa stesheni huangalia behewa la mwisho, lenye alama au taa ya mkia. Lisipoonekana, huenda mabehewa yamekatika na kubaki nyuma, au yanateremka yenyewe. Uzito ulioko mteremkoni bila breki hausubiri ratiba. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli za Tanzania, na waliosafiri njia ile miaka hiyo bado wanaikumbuka.

Kazi nyingine inayokula muda, bustanini na kwetu, ni kupanga mabehewa. Katika mchezo kila behewa lina kadi inayosema limetoka wapi, limebeba nini na linashushwa wapi. Behewa la kushushwa kituo cha kwanza likiwa limebanwa katikati ya mengine tisa, dereva atalazimika kuyakata, kuyasukuma pembeni, kulitoa, kisha kuyaunganisha tena. Aliyepanga vizuri tangu mwanzo humaliza kwa dakika tano. Aliyepanga ovyo huhangaika nusu saa huku wenzake wote wamesimama wakimsubiri. Ukiona treni ya mizigo inaenda mbele na kurudi nyuma kituoni kama iliyopotea njia, hiyo ndiyo kazi inayofanyika.

Mwanza tuna sura ya kazi hii ambayo wenye bustani nyingi hawana. Katika bandari ya Mwanza Kusini reli inaishia majini, na inaendelea juu ya meli. MV Umoja, meli ya miaka ya 1960, ina reli zilizolazwa ndani yake. Mabehewa husukumwa humo yakiwa na mizigo yake, meli ikavuka ziwa, na upande wa pili, Port Bell nchini Uganda, yakavutwa kutoka na kuendelea na safari. Hakuna gunia linaloshushwa. Baada ya kusimama kwa miaka mingi, safari hizo za Port Bell zilirejea mwaka 2018. Hapa mpangilio si suala la muda peke yake. Ukijaza upande mmoja mabehewa mazito na mwingine ukauacha mtupu, meli inainama. Yote hayo yanawezekana kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi reli ya upana ule ule wa mita moja. Reli mpya ya kisasa inayojengwa kati ya Isaka na Mwanza, kilomita 341, ina upana wa milimita 1,435, na behewa lake haliwezi kuingia kwenye reli ya meli hiyo.

Kujifunza kazi ya reli kwa treni ndogo hakukuanza na wenye bustani. Mwaka 1912 kampuni moja ya reli nchini Uingereza ilijenga mfano wa njia ya reli katika stesheni ya Manchester Victoria ili kuwafundishia watu wa ishara. Mwanafunzi alivuta nyenzo, treni ndogo ikasogea, na kosa lake halikumuumiza mtu. Mfano huo sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya York. Binafsi naona chuo au shule yoyote iliyo karibu na reli ingeweza kufanya hivyo bila hata treni: kamba mbili chini, watoto wanaotembea kama mabehewa, na mmoja amegeuka ukutani akiwa mwongozaji. Ndani ya robo saa wataelewa kwa nini baba yao alichelewa kufika Shinyanga.

Turudi Malampaka, treni bado imesimama. Wengi huona huo ndio wakati wa kushuka kununua maji na karanga, au kuvuka kwenda upande wa pili kujisaidia. Kumbuka mnachosubiri. Treni ile nyingine inakuja, na itapita kwenye njia iliyo kando ya behewa lenu, pengine bila kusimama. Treni nzito ya mizigo huhitaji mamia ya mita kusimama hata dereva akishika breki zote. Shukia upande wa jengo la stesheni, mshike mtoto mkono, na usipite mbele wala chini ya mabehewa yaliyosimama, hata kama umewaona wengine wakipita. Ile nyingine ikishapita na mkia wake ukaonekana, zamu ni yenu, na injini haitachukua muda mrefu kuanza kuvuta.