NANI ALIMPA FISI JINA LA SHENZI?

Sidhani kuna mtu hapa shuleni ambaye hajaona filamu ya vibonzo iitwayo The Lion King. Ilitoka Marekani mwaka wa 1994, kabla hatujazaliwa, na mpaka leo wadogo wetu wanaitazama kila likizo. Lakini ni wangapi wanajua kwamba kabla ya kuichora, wachoraji wa Disney walikuja huku kwetu, Hell's Gate, karibu na Naivasha? Walitazama yale majabali na lile korongo, ndipo wakaenda kuchora. (Ukitaka simba wa kweli, nenda Ziwa Nakuru. Hell's Gate watu wanaendesha baiskeli.)

Majina pia waliyatoa kwetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo tunayoona barabarani wakati wa jua kali. Pumbaa, hata sisemi.

Linaloniuma ni fisi. Kiongozi wao anaitwa Shenzi. Jameni, hilo ni jina la mtu? Watu wa pwani walimwita mtu wa bara mshenzi kwa kumdharau. Walowezi nao wakalidaka neno hilo, wakawatukana nalo vibarua mashambani, na mashamba yenyewe ni haya yetu ya Bonde la Ufa. Sasa sikiliza sauti. Simba akiwa mkubwa anasemewa na Matthew Broderick, Mzungu wa Marekani. Shenzi anasemewa na Whoopi Goldberg, ambaye ni mweusi. Kweli, Mufasa alisemewa na James Earl Jones, mweusi pia, na sauti yake ilinguruma kama radi, kwa hivyo siwezi kusema kila kitu kilikuwa kibaya. Lakini mtoto anayesikia neno "shenzi" kwa mara ya kwanza pale, anajifunza nini?

Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka wa 2019, walimtafuta mwigizaji mzaliwa wa Kampala, Florence Kasumba. Wakampa nani? Shenzi!

Hata "hakuna matata", maneno ambayo Them Mushrooms waliyaimba mwaka wa 1982, Disney waliyasajili Marekani mwaka wa 2003 kuwa alama yao ya biashara kwenye fulana. Mwaka wa 2018 Waafrika wengi walitia sahihi kulalamika.

Bahati nzuri vibonzo vya huku vipo. Tinga Tinga Tales ilianza kuonyeshwa mwaka wa 2010. Ilitengenezewa Nairobi, na michoro yake inafuata ile ya Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Kisha mwaka wa 2014, Dar es Salaam hiyo hiyo, ikaja Ubongo Kids. Humo kina Kiduchu, Koba na Amani wanaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho, hata wakifanya hesabu.