Kutunza Maji Yaliyo Chini ya Ardhi Katika Bonde la Makutupora

Wakulima wengi wa Dodoma hudhani ya kuwa maji ya kisima huja na mvua ya kila mwaka, kama nyasi zinavyokauka na kuota tena. Sivyo yalivyo. Yafaa mkulima afahamu jambo hili vizuri, maana shamba lake lenyewe lahusika.

Kaskazini ya mji wa Dodoma, kadiri ya kilomita 25, liko bonde la Makutupora. Katika visima virefu vya bonde hilo huvutwa sehemu kubwa ya maji wanayokunywa watu wa mjini. Kina cha maji hayo kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vyaonyesha ajabu. Miaka mingi mvua hunyesha, uwele huiva, lakini maji ya chini hayaongezeki, huzidi kushuka. Mvua yetu kwa wastani ni kama milimita 550 kwa mwaka, na karibu yote hunywewa na udongo wenye kiu, mimea na jua. Kisha huja mwaka mmoja wa mvua nyingi kupita kiasi, kama msimu wa 1997 hadi 1998, na hapo maji hupanda sana. Basi hili ni ghala linalojazwa mara chache, lakini huliwa kila siku.

Je, maji hayo huingilia wapi? Hayaingii kila mahali sawasawa. Wachunguzi wameona ya kuwa hupita zaidi katika mchanga wa makorongo yanayotiririka wakati wa mvua tu, kama ule mto wa Kinyasungwe Ndogo. Wagogo waujua mchanga huo tangu zamani: wakati wa kiangazi mto ukiwa mkavu, huchimba ndani yake na kupata maji ya kunywa na ya kunywesha ng'ombe. Mchanga huyapokea maji upesi, huyaficha na jua, kisha huyaachilia polepole kwenda chini kwenye mwamba uliooza na kupasuka. Huo ndio mlango wa ghala.

Mlango huo waweza kuzibwa. Mtu akilima matuta yake kufuata mtelemko, mvua ya kwanza huchukua udongo laini wa shamba na kuushusha korongoni, ukatandama juu ya mchanga kama lipu juu ya ukuta. Mvua kubwa ijapo, maji hupita juu na kwenda zake. Mwenye shamba amepoteza udongo wake, na watu wa visimani wamepoteza maji. Hasara mbili kwa kosa moja. Tena wako wachimbao mchanga wa kujengea na kuuchukua kwa malori. Wakiuchimba mpaka kwenye udongo mgumu, mahali pa kuhifadhi maji huwa hapapo tena, na kingo za korongo huanguka.

Hapo kale hasara hiyo ilikuwa ndogo, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo. Lakini mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na tangu 2016 Serikali ilihamia kweli. Hesabu ya watu ya 2012 ilionyesha watu wapatao 411,000; ile ya 2022 ilionyesha zaidi ya 760,000. Wote wanakunywa.

Kwa sababu hiyo sheria zimewekwa. Sheria ya mazingira ya 2004 yakataza kazi za kudumu zinazoweza kudhuru maji katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Sheria ya maji ya 2009 yaruhusu eneo la chanzo cha maji litangazwe kuwa la kulindwa. Kisima kirefu cha mashine hakichimbwi bila kibali. Huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Mpango wa matumizi ya ardhi hutungwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu. Katika mitaa ya mji, kazi hiyo ni ya Halmashauri ya Jiji. Usikose mkutano huo, wala usingoje mpango upitishwe ndipo ulalamike. Uliza mpaka wa eneo la kulindwa wapita wapi, ng'ombe watanyweshwa wapi, nani atazuia malori ya mchanga. Uliza pia habari ya fidia, maana sheria za ardhi za 1999 zasema mtu anyang'anywaye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki, bila kukawia. Si haki mkulima mmoja alinde maji ya mji mzima kwa hasara yake peke yake.

Shambani kwako, lima matuta ya kukinga mtelemko, ukaache ukanda wa nyasi kando ya korongo bila kulima wala kuchunga. Samadi isirundikwe karibu na kisima, na choo kiwe mbali nacho, upande wa chini. Uchafu wa samadi na vyoo huingiza naitreti katika maji. Haionekani wala haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Humdhuru hasa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Kazi ya matuta na imalizike kabla ya mvua za Desemba.