Mguu hewa, maumivu halisi

Mguu umekatwa chini ya goti, nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga vizuri. Usiku wa manane mgonjwa anashtuka usingizini: vidole vya mguu ule ule vimejikunja kama vimebanwa na koleo, kisigino kinawaka moto, unyayo unawasha. Anapeleka mkono ajikune, anagusa shuka. Asubuhi daktari akipita wodini, wengi hunyamaza. Nani anataka kuandikiwa kwamba amechanganyikiwa?

Hajachanganyikiwa. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa, aliyaandika malalamiko hayo katika karne ya 16. Silas Weir Mitchell, aliyetibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyasikia mara nyingi kiasi kwamba mwaka 1871 aliipa hali hiyo jina la kitabibu. Wakati ule kilichokata viungo kilikuwa risasi na mizinga. Kwetu leo ni kisukari na bodaboda.

Chanzo kimoja cha maumivu hayo kiko kwenye kigutu chenyewe, ambako mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kutuma taarifa. Kingine kiko kichwani. Ubongo una ramani ya mwili mzima, na Wilder Penfield aliichora huko Montreal kwa kugusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme hafifu wakati wa upasuaji, wao wakiwa macho. Katika ramani hiyo mkono umepakana na uso. Miaka ya mwanzo ya 1990 V. S. Ramachandran, akiwa California, alimpitishia pamba shavuni kijana aliyekatwa mkono, na kijana akasema anaguswa shavu na kidole gumba cha mkono ambao haupo. Kwa maelezo ya Ramachandran, mkono umekwenda, sehemu yake kwenye ramani imebaki, na jirani ameshaanza kuingia.

Ramachandran ndiye aliyeleta kioo. Mgonjwa aliyekatwa mguu huketi kitandani, kioo kirefu kikawekwa katikati ya miguu, upande unaoakisi ukielekea mguu mzima na kigutu kikifichwa nyuma. Anapochungulia anaona miguu miwili. Anakunja na kunyoosha vidole taratibu, huku akijaribu kufanya vivyo hivyo kwa mguu hewa, yaani ule usiokuwapo. Akili inajua kabisa kwamba hicho ni kioo. Hata hivyo vidole vilivyokuwa vimejikunja, kwa baadhi ya watu, huachia.

Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha jaribio dogo lenye makundi matatu: la kwanza lilitumia kioo, la pili kioo kilichofunikwa, la tatu lilifumba macho na kuwaza mguu ukicheza. Kila kundi lilibaki na watu 6, dakika 15 kwa siku, wiki 4. Wote 6 wa kioo walipata nafuu. Kwenye kioo kilichofunikwa alipata nafuu mmoja tu, na kati ya waliofumba macho 4 walizidiwa.

Takwimu hizo zinanukuliwa sana. Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba watu wawili walipouona mguu ukicheza kiooni walishikwa na huzuni ya ghafla. Na hilo si jambo dogo. Mtu anaweza kuwa ameshatembelea magongo, amepokea pole za ndugu na kurudi kazini, bila kuwahi kuulilia mguu wake. Mwili unapona kwa mpangilio unaoeleweka: kidonda kinafunga, uvimbe unashuka, kigutu kinapata umbo la kuvaa mguu wa bandia. Huzuni haina mpangilio huo. Inaweza kuja siku ya kwanza na kurejea mwezi wa nane, siku ile ile mguu wa bandia unapokaa sawa. Anayemsimamia mgonjwa mbele ya kioo ajiandae kwa machozi, asiyachukulie kama tiba imeshindwa.

Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hawaanzi na kioo. Huanza na kigutu, kiungo ambacho wagonjwa wengi hukifunika wasikione. Kinaguswa kwa pamba, kisha kitambaa, kisha taulo gumu, mgonjwa akikitazama na kusema anachokihisi, mpaka mguso uwe mguso tu. Lorimer Moseley wa Australia aliongeza ngazi zake: kwanza kutazama picha za miguu na kutambua upi wa kulia na upi wa kushoto, kisha kuwaza mwendo bila kujisogeza, kioo kikaja mwisho. Katika jaribio lake kila ngazi ilichukua wiki 2. Wenye haraka huiona kazi hiyo kama mchezo wa watoto. Ila ubongo uliozoea kuunganisha mwendo na maumivu unaweza kuamsha maumivu hata kwa wazo la kujisogeza tu, kama walivyogundua wale 4 waliofumba macho.

Majaribio mengi ya kioo yamehusisha watu wachache, na matokeo hayafanani. Wapo wanaopata kizunguzungu au maumivu zaidi; hao waache, wamweleze mtaalamu wa fiziotherapia. Dawa zisikatishwe bila ushauri wa daktari. Na kabla ya kioo chochote, kigutu kichunguzwe: usaha, uvimbe wa mshipa wa fahamu, au mguu wa bandia unaobana huleta maumivu ambayo kioo hakiwezi kuyagusa. Mguu wa bandia unaobana ni kazi ya fundi wa viungo bandia, kama wale wanaofundishwa TATCOT, chuo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi.