Daftari Moja kwa Kompyuta Nyingi: Kupachika Folda ya Mbali Vituoni



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, yaani aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Makarani wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaifahamu vyema, na madaftari yao ya karatasi ni ushahidi. Tatizo huanza pale kumbukumbu zinapohamia kwenye kompyuta. Daftari la karatasi ni moja, na kila mtu hulikuta pale lilipo. Faili la kompyuta huzaana: moja liko kwa karani, jingine kwa mweka hazina, la tatu limo kwenye flashi iliyokwenda Wete, na yote matatu yana jina moja na hesabu tofauti. Mwanachama akija kusema kwamba ameshalipa, litaaminiwa faili lipi?

Katika toleo hili tunaeleza njia mojawapo ya kulitatua jambo hili kwa vituo vinavyotumia Linux. Mafaili yote huwekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine huyaona kana kwamba yamo ndani mwao. Tuchukue mfano wa kituo kilichopo Msuka, kaskazini ya Pemba katika Wilaya ya Micheweni, chenye kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya na swichi moja. Tumechagua Msuka kwa makusudi. Mpangilio ambao karani wa huko ataweza kuuendesha bila ya kumngoja fundi kutoka Chake Chake, utafaa pia mahali pengine.

Kupachika maana yake nini

Kwenye Linux hakuna diski C wala D. Mafaili yote yamo katika mti mmoja unaoanzia kwenye alama ya mkwaju, na diski yoyote mpya hupachikwa kwenye folda fulani ya mti huo, kama mpini unavyopachikwa kwenye jembe. Baada ya hapo, anayefungua folda ile anaona yaliyomo kwenye diski. Jambo la kufurahisha ni kwamba diski hiyo si lazima iwe ndani ya kompyuta yako. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitengeneza utaratibu uitwao NFS, unaoiwezesha folda ya kompyuta moja kupachikwa kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, lakini NFS inaendelea kutumika. Toleo la 4, ambalo tunalipendekeza, lilitolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2003.

(Neno kupachika si letu. Wenzetu waliokuwa wakitafsiri programu huria walishahangaika sana na msamiati wa namna hii, na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.)

Upande wa seva

Kompyuta itakayotunza mafaili tutaiita seva. Si lazima iwe mashine kubwa. Kompyuta ya kawaida yenye diski nzima inatosha. Tuseme anwani yake ni 192.168.10.2 na folda ya kumbukumbu ni /srv/amana. Kwenye Debian au Ubuntu, weka programu ya nfs-kernel-server, kisha fungua faili la /etc/exports na uandike mstari huu:

/srv/amana 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Tafadhali angalieni sana nafasi. Baina ya anwani na mabano hapana nafasi. Ukiacha nafasi moja tu, maana inageuka: kompyuta za kituo zitapewa ruhusa ya kusoma peke yake, na ruhusa ya kuandika itapewa kompyuta yoyote duniani itakayoweza kuifikia seva yako. Ukimaliza, andika exportfs -ra ili mabadiliko yasomwe.

Neno sync katika mstari ule lina umuhimu wake. Linaiambia seva isijibu kwamba imepokea maandishi mpaka iwe imeyaweka kwenye diski. Kuna neno jingine, async, ambalo huongeza kasi, kwani seva hujibu kwanza na kuandika baadaye. Umeme ukikatika katikati ya hayo mawili, karani ameona malipo yameingia, na diski haina habari. Kwa hesabu za watu hatushauri async hata kidogo.

Jambo jingine linalowasumbua wengi ni namba za watumiaji. NFS ya kawaida haiangalii jina la mtumiaji, inaangalia namba. Ikiwa karani ni namba 1001 kwenye kompyuta moja, na kwenye kompyuta ya pili namba hiyo ni ya mlinzi wa usiku, basi seva itamfungulia mlinzi mafaili ya karani bila ya kuuliza neno lolote la siri. Hivyo namba zipangwe sawasawa kwenye kompyuta zote kabla ya kuanza kazi. Amri ya id hukuonesha namba yako. Mtumiaji mkuu, yaani root, akitokea kompyuta nyingine hushushwa cheo na kuwa si mtu yeyote, na ni vyema pakaachwa hivyo.

Upande wa karani

Kwenye kompyuta ya karani weka programu ya nfs-common, tengeneza folda /mnt/amana, kisha ujaribu:

mount -t nfs4 192.168.10.2:/srv/amana /mnt/amana

Yakionekana mafaili, kazi imekwenda vizuri. Ili folda ipachikwe yenyewe kila kompyuta inapowashwa, andika mstari ufuatao katika /etc/fstab:

192.168.10.2:/srv/amana /mnt/amana nfs4 hard,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Maneno matatu ya mwisho yanaizuia kompyuta isikwame kuwaka eti kwa sababu seva bado imelala. Folda itapachikwa pale mtu atakapoifungua. Neno hard ndilo linalobishaniwa. Maana yake ni kwamba seva ikipotea, programu ya karani itasimama na kungoja mpaka seva irudi. Baadhi ya mafundi hupenda soft, ambayo baada ya kujaribu kwa muda hukata tamaa na kurudisha kosa, kwa sababu watu hawapendi kompyuta inayoganda. Sisi tunaona kuganda ni afadhali. Programu nyingi haziangalii kosa hilo, na faili linaweza kubaki nusu limeandikwa bila ya mtu kujua.

Folda tupu isiyokuwa tupu

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji watulie kidogo. Folda /mnt/amana ipo kwenye kompyuta ya karani hata pale ambapo hakuna kilichopachikwa. Ni folda ya kawaida, na inakubali kuandikwa ikiwa ruhusa zipo. Chukua asubuhi moja ambapo upachikaji haukufanyika, pengine kwa sababu mtu amebadilisha mstari wa fstab. Karani anafungua, anakuta folda tupu, anadhani labda mwenzake amehamisha mafaili, anaanza faili jipya na kuingiza hisa za wanachama thelathini. Siku ya pili fundi anarekebisha, folda ya seva inapachikwa juu ya ile ya zamani, na hisa za jana hazionekani tena. Hazikufutwa, zimefunikwa tu. Lakini karani hajui hilo, wanachama hawajui, na katika kijiji ambacho watu wanajuana tangu utotoni, maneno yataanza kabla ya fundi kurudi.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kupachika kwa mara ya kwanza, folda ikiwa tupu, andika kama root:

chattr +i /mnt/amana

Amri hii huifunga folda ya chini isiandikike na mtu yeyote, hata root. Ikipachikwa ya seva juu yake, kuandika kunaendelea kama kawaida. Isipopachikwa, karani atakataliwa papo hapo na atajua kwamba pana tatizo. Tena afundishwe amri ya mountpoint /mnt/amana, ambayo hujibu mara moja kama pamepachikwa au la.

Umeme, masafa na nakala

Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha; mwaka huo waya wa chini ya bahari ulianza kuleta umeme kutoka Tanga. Hali ni bora, lakini kukatika kupo. Seva iwe na UPS, na swichi nayo iwe kwenye UPS hiyo hiyo. Mara nyingi swichi husahauliwa, na seva ikabaki hai isiyofikiwa na mtu.

Ofisi ya Chake Chake isipachike folda ya Msuka kwa NFS kupitia intaneti. Mpangilio tulioueleza hausimbi maandishi, na mtandao wa polepole utaifanya kila faili lifunguke kwa taabu. Kwa masafa hayo tumia sshfs, ambayo hupita ndani ya njia iliyofungwa ya SSH, na kwa kusoma tu ikiwezekana.

Pia kumbukumbu zote sasa zimo kwenye diski moja. Hiyo si nakala ya akiba. Kila wiki mafaili yanakiliwe kwenye diski mbili za nje kwa zamu, na moja ikae jengo jingine.

Mwisho, kabla ya kuanza kutumia mpangilio huu, chomoeni waya wa seva huku karani akiwa anaandika katika faili la majaribio. Angalieni kompyuta yake inasema nini, rudisheni waya, kisha hesabuni mistari iliyofika. Fanyeni hivyo siku ambayo hakuna kikao cha kikundi.