Kumuuguza Nyumbani Mwenzi Mwenye Uvimbe wa Ubongo

Uvimbe wa ubongo hukua ndani ya fuvu lisilotanuka, hivyo hata ukiwa mdogo huweza kuleta maumivu makali ya kichwa, kutapika, kupooza upande mmoja au kifafa. Griftu, katika Kaunti ya Wajir, iko mbali na madaktari wapasuaji wa ubongo. Wagonjwa hufuata matibabu hadi Nairobi, kisha hurudi kuuguzwa na mke au mume.

Dawa ndizo za kuangaliwa kwanza. Deksamethasoni hupunguza maji yanayojaa kandokando ya uvimbe, lakini hupandisha sukari mwilini na haiachwi ghafla. Dawa za kifafa nazo humezwa kwa saa zilezile, hata Ramadhani. Uislamu humruhusu mgonjwa kutofunga, na ruhusa hiyo itumiwe bila kuona haya.

Kifafa kikimshika, alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni wala asibanwe kwa nguvu. Kikizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda.

Kinachoumiza zaidi ni tabia kubadilika: mtu mpole huweza kuwa mkali hata kwa mwenziwe. Huo ni ugonjwa, si chuki. Ndugu na majirani wapokezane zamu za usiku, anayemuuguza naye apate kulala.